Kuunda modeli ya dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika kwa kompyuta

Mizani ya mwaloni inakuambia tani zilizotua. Haikuambii zilizobaki majini. Tani 37.5 za dagaa kwa mwezi zinaweza kutoka kwenye ghuba yenye tani 750 za samaki, na zinaweza kutoka kwenye ghuba iliyobakiwa na tani 250 tu. Kwenye daftari la ushuru miezi hiyo miwili inafanana kabisa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujenga, kwa lahajedwali na baadaye kwa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), modeli inayozitenganisha hali hizo mbili. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa sayansi, maofisa uvuvi, na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi kuanzia Kagunga hadi Kalya.

Unahitaji kompyuta yoyote yenye Excel au LibreOffice Calc. Simu yenye Google Sheets inatosha kwa hatua nne za mwanzo. Hesabu inayotakiwa ni kujumlisha, kutoa na kuzidisha, pamoja na subira ya kukagua fomula moja moja.

Hatua ya 1: Chagua eneo, kipimo na muda

Usianze na ziwa zima. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470, na limegawanywa kati ya nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Chukua ghuba moja ya mfano. Kipimo cha samaki kiwe tani za samaki wabichi, na muda uhesabiwe kwa mwezi.

Dagaa wa Kigoma ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Hapa tutawahesabu kama kundi moja, ingawa Limnothrissa ni mkubwa zaidi na anapenda kukaa karibu na ufukwe. Dagaa wa Mwanza ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, na hata ukoo wake si huu. Ukikuta takwimu za kuzaliana zimeandikwa “dagaa” bila jina la kisayansi, usizichukue mpaka ujue ni dagaa wa ziwa lipi.

Hatua ya 2: Andika mlinganyo kwa maneno kwanza

Dagaa wa mwezi ujao = dagaa wa mwezi huu + ongezeko − mavuno.

Ongezeko tunalihesabu kwa mlinganyo wa Mbelgiji Verhulst wa mwaka 1838: r × B × (1 − B/K). B ni tani zilizo majini. r ni kasi ya kuongezeka pale samaki wanapokuwa wachache na chakula ni kingi. K ni kikomo, yaani tani ambazo ghuba inaweza kulisha bila uvuvi. B inapokaribia K, mabano yanakaribia sifuri na ongezeko linakoma.

Mavuno tunayahesabu kwa njia iliyoenezwa na Schaefer mwaka 1954: q × E × B. E ni idadi ya mitumbwi. q ni sehemu ya samaki wote ambayo mtumbwi mmoja unainasa kwa mwezi.

Namba za mazoezi: r = 0.2 kwa mwezi, K = tani 1,000, q = 0.001. Zimechaguliwa ili hesabu ziwe rahisi kukagua kwa kichwa. Hazikupimwa ziwani, na usizipeleke kwenye kikao chochote kama takwimu za Kigoma.

Hatua ya 3: Jenga jedwali

Weka vigezo pembeni: H1 andika 0.2 (r), H2 andika 1000 (K), H3 andika 0.001 (q). Mstari wa kwanza uwe wa vichwa: A mwezi, B dagaa, C ongezeko, D mitumbwi, E mavuno. Kisha:

A2: 0
B2: 50
C2: =$H$1*B2*(1-B2/$H$2)
D2: 0
E2: =$H$3*D2*B2
A3: =A2+1
B3: =MAX(0,B2+C2-E2)
D3: =D2

Nakili C2 na E2 kwenda mstari wa 3, kisha chagua A3 hadi E3 uziburute hadi mstari wa 62. Hapo una miaka mitano.

Makosa yanayojitokeza hapa ni machache, na yanajulikana kwa sura zake. Ukisahau alama za dola, fomula inayoburutwa inahamia H2, H3, H4, na kuanzia mstari wa tatu ongezeko linakuwa namba za ajabu au unapata ujumbe wa kugawanya kwa sifuri. Kompyuta ikilalamika kwamba fomula inajirejelea yenyewe, umeandika B3+C3 badala ya B2+C2: mwezi huu lazima uhesabiwe kutokana na mwezi uliopita. Na kama kompyuta yako imepangwa kusoma desimali kwa mkato, 0.2 itachukuliwa kuwa maandishi tu. Itajipanga upande wa kushoto wa seli, wakati namba hujipanga kulia.

MAX(0,…) inazuia samaki hasi. Ibakize, ila usiitegemee. Modeli ikigonga sifuri ghafla ndani ya mwezi mmoja, kuna kosa la kipimo mahali fulani, mara nyingi q iliyoandikwa 0.01 badala ya 0.001.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa majibu unayoyajua

Hakuna modeli ya kuaminiwa kabla ya kuulizwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Fanya majaribio haya manne kabla ya jambo lingine lolote.

Bila mitumbwi, ukianza na tani 50, mchoro uwe na umbo la herufi S. Mwezi wa 15 usome karibu 473, mwezi wa 16 karibu 523, kisha upande polepole hadi 1,000 na kutulia hapo. Ongezeko kubwa kuliko yote litokee B inapokuwa karibu 500, nalo liwe tani 50 kwa mwezi.

B2 ikiwa 500 na mitumbwi 100, hakuna kinachobadilika: tani 50 zinaongezeka na tani 50 zinavuliwa, mwezi hadi mwezi.

B2 ikiwa 750 na mitumbwi 50, mavuno ni tani 37.5. B2 ikiwa 250 na mitumbwi 150, mavuno ni tani 37.5 vilevile.

B2 ikiwa 500 na mitumbwi 200, samaki wanapungua bila kutulia popote, wakiielekea sifuri.

Rudi kwenye jaribio la tatu, kwa sababu humo ndimo faida ya kazi yote ilimo. Jumla ya tani ni ileile, lakini katika hali ya kwanza kila mtumbwi unapata tani 0.75 kwa mwezi, na katika hali ya pili unapata 0.25. Petroli, betri za taa na posho za wavuvi haziwi theluthi moja eti kwa sababu samaki wamekuwa theluthi moja. Anayefuatilia jumla ya tani peke yake ataandika kwamba hali haijabadilika, wakati kila mwenye chombo anaelekea kufilisika. Ongeza basi safu ya F, mavuno kwa mtumbwi: =IF(D2=0,0,E2/D2). Kwa maoni yetu hiyo ndiyo safu ya kwanza kuangaliwa, na kama daftari la mwalo lina nafasi ya namba moja tu, iwe hiyo.

Hatua ya 5: Kagua ukubwa wa hatua ya muda

Hili linaangusha hata watu waliosoma hisabati. Kompyuta haioni muda unaotiririka. Inaruka kutoka mwezi hadi mwezi, na ikirukishwa mbali mno inazua mambo ambayo samaki hawajayafanya.

Jaribu: r ya 0.2 kwa mwezi ni 2.4 kwa mwaka. Andika 2.4 kwenye H1, ondoa mitumbwi yote, na ukubali kwamba kila mstari sasa ni mwaka mmoja. Badala ya kutulia kwenye 1,000, dagaa wataruka kati ya tani 1,193 na tani 640, mwaka baada ya mwaka, milele. Mtu asiyejua ataandika ripoti kuhusu mzunguko wa miaka miwili wa dagaa. Mzunguko huo ni wa jedwali lake. Robert May alieleza mwaka 1976 kwamba mlinganyo huu ukihesabiwa kwa kuruka unaweza hata kutoa mchafuko usiotabirika, na kwa wadudu wanaozaliana mara moja tu kwa mwaka kuruka huko kuna maana ya kweli. Dagaa wetu wanazaliana katika miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo hatua ndefu haiwafai.

Kanuni ya kazi ni kukata hatua nusu na kulinganisha. Kwa nusu mwezi, r inakuwa 0.1 na q inakuwa 0.0005. K haiguswi, kwani ni tani, haina muda ndani yake. Majibu yakitofautiana kwa asilimia moja au mbili, endelea na mwezi. Yakitofautiana sana, kata tena.

Hatua ya 6: Uliza swali la kusitisha uvuvi

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Modeli yetu inaweza kuonyesha kanuni inayofanya kazi ndani ya uamuzi kama huo.

Rudisha H1 iwe 0.2 na H3 iwe 0.001, kisha weka B2 = 250. Kwenye D2, D3 na D4 andika 0. Kwenye D5 andika 150 na uburute =D5 kuanzia D6 kwenda chini. Dagaa watapanda kutoka 250 hadi 287.5, halafu 328, halafu 373. Mwezi wa kwanza wa kufungua unatoa karibu tani 56, unaofuata 54.5, na mavuno yanashuka taratibu hadi karibu 48 mwezi wa tisa tangu kufungua. Jumlisha miezi tisa hiyo: takriban tani 463. Bila kusitisha, miezi kumi na miwili yote ingetoa 12 × 37.5 = 450. Mwaka wenye miezi tisa ya kazi umezidi kidogo mwaka wa miezi kumi na miwili, na mwisho wake majini kuna tani 315 badala ya 250.

Sasa badilisha jambo moja. Wavuvi wanasikia samaki wamerudi, na vyombo vinaongezeka: D5 iwe 200. Mwezi wa kwanza mavuno yanapaa hadi karibu tani 75 na kila mtu anasifu. Mwisho wa mwezi wa sita baada ya kufungua, majini kumebaki tani 252. Faida yote ya miezi mitatu ya njaa imeisha, na sasa kuna mitumbwi 50 zaidi inayogombania samaki walewale. Kwa hiyo kusitisha uvuvi bila kudhibiti idadi ya vyombo na nguvu ya taa ni kuwakopesha samaki kwa nusu mwaka.

Tahadhari: modeli hii inachukulia kwamba mwezi wowote ni sawa. Ziwani si hivyo. Upepo wa kusi unaovuma takriban Mei hadi Septemba unachochea maji ya chini, hasa upande wa kusini, na kupandisha virutubisho kutoka kwenye kina kisicho na oksijeni. Ukitaka kuyaingiza majira hayo, badilisha C2 iwe =$H$1*(1+0.3*COS(2*PI()*(A2-8)/12))*B2*(1-B2/$H$2). Namba 8 ni mwezi wa kilele kwa hesabu ya safu ya A, na 0.3 ni ukubwa wa mabadiliko. Zichezee zote mbili uone kama jibu la kusitisha uvuvi linabadilika. Kama linabadilika, tarehe za kusitisha ni muhimu kuliko urefu wake, na hilo ni jambo la kupeleka kwa watafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) pale Kigoma.

Hatua ya 7: Mwingize mgebuka

Mgebuka, Lates stappersii, anakula dagaa. Hapa lahajedwali linaanza kuchosha, na Python inastahili. Programu hii inatumia hatua ya sehemu ya kumi ya mwezi, kwa miaka 30, na kuchapa mstari mmoja kila mwaka:

r, K, q = 0.2, 1000, 0.001
a, e, m = 0.001, 0.1, 0.05
q2 = 0.0
mitumbwi = 0
h = 0.1
D, M = 500.0, 100.0
for n in range(3601):
    if n % 120 == 0:
        print(round(n*h), round(D), round(M))
    dD = r*D*(1 - D/K) - a*D*M - q*mitumbwi*D
    dM = e*a*D*M - m*M - q2*mitumbwi*M
    D = max(0, D + h*dD)
    M = max(0, M + h*dM)

D ni tani za dagaa, M ni tani za migebuka, na q2 ni q ya migebuka. a ni kasi ya kula: kila tani ya migebuka inakula sehemu moja kati ya elfu ya dagaa wote kwa mwezi. e ni sehemu ya chakula inayogeuka kuwa nyama ya mgebuka, hapa moja ya kumi. m ni vifo vya kawaida vya migebuka. Nafasi nne mwanzoni mwa mistari ya ndani ni sehemu ya lugha yenyewe, na programu haitaenda bila hizo. Hakikisha pia dD na dM zote mbili zinahesabiwa kabla ya kubadilisha D. Ukimbadilisha D kwanza, mgebuka atakula dagaa wa hatua inayofuata, na kosa hilo halitatoa ujumbe wowote.

Bila mitumbwi, namba zitulie palepale: dagaa 500, migebuka 100. Sasa weka mitumbwi 50, q2 ibaki sifuri. Maana yake tunavua dagaa peke yao, hakuna mgebuka hata mmoja anayeingia wavuni. Katika mwaka wa pili dagaa watashuka hadi kati ya 330 na 350, halafu wataanza kupanda, na mwishoni watarudi 500 kamili. Migebuka watatulia kwenye 50. Tumevua dagaa, aliyepungua ni mgebuka.

Sababu iko kwenye mstari wa dM. Mgebuka anaweza kudumu tu pale dagaa wanapofika m ÷ (e × a), yaani 500. Uvuvi wa dagaa hauigusi namba hiyo, unamnyang’anya mgebuka chakula mpaka wanaobaki walingane na kilichosalia. Weka mitumbwi 100 na migebuka wataendelea kupungua kuelekea sifuri. Kisha rudi 50 na uweke q2 = 0.0002: dagaa watapanda hadi 600 na migebuka watashuka hadi 30. Jambo la namna hii ndilo lililomfanya Vito Volterra aandike milinganyo yake mwaka 1926, baada ya Umberto D’Ancona kumwonyesha kwamba katika masoko ya bahari ya Adriatiki sehemu ya samaki walao samaki iliongezeka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uvuvi ulipopungua.

Kwa hiyo ukisikia Katonga au Ujiji kwamba migebuka wamepungua, usikimbilie kuwalaumu wanaovua migebuka peke yao. Angalia na upande wa dagaa.

Hatua ya 8: Leta takwimu za mwaloni

Hapa ndipo modeli nyingi hufa, na mara nyingi hufa kwa sababu ya vipimo.

Beseni si kilo. Pima mabeseni kumi yaliyojaa, ya ukubwa mmoja, mwalo mmoja, na utumie wastani wake. Rudia kila baada ya miezi michache, kwa maana mabeseni hubadilika. Dagaa wakavu wasichanganywe na wabichi: anika kilo 10 zilizopimwa, pima tena zikikauka, na uwiano huo ndio utakaotumia kurudisha uzito. Hesabu usiku wa kazi, usihesabu siku za kalenda. Karibu na mwezi mpevu taa hazivuti samaki na vyombo vingi hupumzika, kwa hiyo mavuno ya mwezi mzima yagawanywe kwa usiku uliovuliwa. Andika aina na idadi ya taa kwa kila chombo. Aliyetoka kwenye karabai akaingia kwenye taa za betri amebadilisha q yake, na asipoandikwa utadhani ziwa limeneemeka.

Kuna mtego mkubwa kuliko hiyo yote. Dagaa hutembea kwa makundi na hujikusanya kwenye mwanga. Hata wakibaki nusu, chombo kinaweza kuendelea kujaa kwa muda kwa sababu taa inawakusanya waliosalia. Mavuno kwa chombo yanaposhuka, kwa hiyo, majini huenda walishashuka zaidi. Njia moja ya kuliweka hilo kwenye jedwali ni kubadilisha E2 iwe =MIN(B2,$H$3*D2*B2^0.5*$H$2^0.5). Linganisha safu ya F ya fomula hii na ya zamani, na uone jinsi onyo linavyochelewa.

Kutafuta r, K na q zinazofuata takwimu zako, weka mavuno kwa chombo uliyoyapima kwenye safu ya G, hesabu tofauti kati ya F na G, zipige kipeo cha pili, zijumlishe, kisha itumie Solver, zana ya Excel na LibreOffice, kutafuta jumla ndogo kabisa. Acha mwaka wa mwisho nje, halafu uangalie kama modeli inaubashiri.

Ukiwa na takwimu zinazoshuka tu, mwaka hadi mwaka, Solver itakupa jibu lakini usiliamini. K kubwa yenye r ndogo na K ndogo yenye r kubwa zote zitapita kwenye nukta zako vizuri karibu sawa. Anzisha Solver kutoka sehemu tano tofauti. Ikirudi na majibu matano tofauti, takwimu zako hazina uwezo wa kutenganisha r na K, na hakuna programu itakayozipa uwezo huo.

Kinachozitenganisha ni kipindi ambacho samaki waliachwa wapande. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya ziwa kufunguliwa zina thamani kubwa kuliko miezi ya kawaida: ukubwa wa mavuno ya usiku wa kwanza unaeleza samaki waliongezeka kiasi gani, na jinsi yanavyoshuka inaeleza wavuvi wanakula akiba kwa kasi gani. Panga waandikaji kabla ya tarehe ya kufungua, angalau vyombo kumi kwa mwalo, vilevile kila usiku, na kwa kila kimoja iandikwe saa ya kutoka, saa ya kurudi, idadi ya taa, mabeseni ya dagaa na mabeseni ya migebuka. Chombo kilichotoka kikarudi mikono mitupu nacho kiandikwe, kwa sifuri.